Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazifahamu: semina za hisa, futari ya pamoja, rambirambi na michango ya misiba. Hesabu zake atazisoma Mweka Hazina. Mimi nina jambo la barua.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba niliwaandikia maseneta wetu wa Maryland kwa jina la chama, kuomba mashauri ya nidhamu ya wakaguzi wa hesabu za makampuni yaendeshwe hadharani, bila ridhaa yenu. Ridhaa niliitafuta. Niliitisha mkutano mara mbili, akidi haikutimia. Mara ya pili walifika 11. Kamati ya Utendaji ikaamua, na katiba ya chama inairuhusu.

Akiba zetu za uzeeni zimo kwenye makampuni ambayo vitabu vyake hatuwezi kuvifungua. Tunachotegemea ni sahihi ya mkaguzi. Enron, kampuni kubwa ya nishati iliyoficha madeni yake, ilipoanguka mwaka 2001, Marekani ilitunga sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 na kuunda PCAOB, bodi ya kuwasimamia wakaguzi hao. Lakini kifungu cha 105 cha sheria hiyohiyo kinataka shauri la nidhamu liendeshwe faragha mpaka uamuzi, na haliwezi kuwekwa wazi bila mtuhumiwa mwenyewe kuridhia. Nani ataridhia? Kampuni moja ya ukaguzi, shauri lake likiendelea, ilitoa ripoti nyingine 29 na wenye hisa hawakujua lolote. Anayefichwa hivyo ana haraka gani ya kumaliza kesi?

Wahasibu wenzetu humu wanasema jina la asiye na hatia litachafuka. Ni hoja nzito, nimeisikiliza. Ila SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, inaendesha mashauri ya namna hiyo hadharani tangu 1988, na taaluma ingali hai. Muswada wa maseneta Jack Reed na Charles Grassley wa 2011 ulitaka PCAOB ifanye vivyo hivyo, ukaishia njiani. Sisi tumeomba hoja hiyo ifufuliwe. Barua niliiandika mwenyewe, usiku baada ya kazi, bila kugusa senti ya chama, na ninaisimamia.

Kuhusu ada: kati ya wanachama 64, waliolipa ni 37. Tunadai dola 3,240. Inasikitisha kwamba waliopinga barua kwa sauti kubwa wengi wao wamo kwenye deni hili.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaomba kuonana na ofisi za maseneta, na semina tuzifikishe kwa vijana. Mweka Hazina yupo mlangoni na daftari lake. Wenye madeni wasitoke bila kumwona.

Mwenyekiti