Walimu Wapya Wameripoti

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, ila sauti imenikauka, si unanijua wiki ya kwanza ya muhula ninavyokuwa. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima wote.

Ama baada ya salamu, barua yako niliipata siku ileile walimu wetu wapya waliporipoti, nikacheka peke yangu ofisini. Yaani umepewa umakamu mkuu, na kazi ya kwanza uliyokabidhiwa ni kuwapokea wageni! Hongera, na pole pia. Unataka nikuandikie kila kitu tunachofanya huku. Kila kitu sitaweza, muda wa mwalimu wa bweni unaujua ulivyo. Nitakuandikia yale yasiyosemwa kwenye semina elekezi.

Semina tunayo, tena safi. Mkuu wa shule alizungumza, mhasibu akaeleza habari za mishahara, mtaaluma akagawa ratiba na vitabu, kisha wageni wakatembezwa: madarasa, maabara, maktaba, bwalo. Mabweni walionyeshwa kwa kidole tu, kutoka mbali. Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu kila mwaka. Shule binafsi huchuja sana kabla ya kuajiri. Anayefika kwetu somo lake kwa kawaida analimudu. Ninaowaona wakikwama hukwama baada ya kengele ya mwisho ya masomo mpaka ile ya kuamka, na saa hizo hakuna aliyewaandaa nazo. Mtu amesomea ualimu miaka kadhaa, hajawahi kuambiwa afanye nini mtoto akimgongea mlango usiku wa manane.

Nikupe kisa kimoja. Tumepata kijana wa fizikia, mchangamfu, darasani anawashika wanafunzi barabara. Zamu yake ya kwanza aliingia bwenini na orodha, akasimama chini ya taa mlangoni, akaanza kuita majina macho yakiwa kwenye karatasi. "Nipo!" "Nipo!" Mimi nilikuwa nyuma yake kimya. Kona ya kushoto nikasikia sauti moja ikiitikia majina mawili, safari ya pili imetiwa besi kidogo. Kijana akaweka alama ya vema na kuendelea. Nilimwacha amalize orodha yote, ndipo nikamwambia afunge daftari, apite kitanda hadi kitanda ahesabu vichwa. Kimoja kilipungua. Mwenyewe tulimkuta chumba cha kufulia, anakamua shati la kesho, wala hana makuu. Lakini angeweza kuwa ameanguka bafuni, au ameruka uzio, na kitabu cha zamu kingeandikwa "wote wapo" na kutiwa sahihi. Kitabu kile siku ya balaa ndicho kitakachosomwa mbele ya wazazi, na sahihi itakuwa ya huyu aliyefika juzi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: mgeni asishike zamu peke yake mpaka ameshika kadhaa akiwa na mwenyeji. Hapa kwetu nililipigania hilo kwenye kikao hadi likapita, shingo upande. Utasikia hoja zilezile huko kwako. Walimu ni wachache. Halafu itakuja ile ninayoichukia kuliko zote: "Huyu hana familia, anakaa humuhumu ndani, aongezewe wikendi." Mseja anageuzwa tairi la akiba la shule nzima. Anafundisha vipindi kamili, anasimamia usomaji wa jioni, anafundisha mpira, anapeleka wagonjwa hospitali, na Jumapili anapangiwa lango. Muhula wa pili anaandika barua ya kuacha kazi, kisha tunakaa ofisi ya walimu tunashangaa vijana wa siku hizi hawana uvumilivu! Ukipanga ratiba, hesabu saa zake zote, si vipindi pekee.

Kuna mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, Erving Goffman, ambaye mwaka 1961 aliziweka shule za bweni kundi moja na kambi za jeshi na meli: mahali ambapo watu hulala, hufanya kazi na hupumzika palepale, chini ya mamlaka moja na ratiba moja. Yeye aliwatazama zaidi wale wanaotunzwa humo. Mimi huwa nawafikiria walimu. Mwalimu mpya bosi wake ni jirani yake, nyumba yake ni ya mwajiri, nguo zake zikianikwa wanafunzi wanaziona, na akigombana na mwenzake asubuhi watakutana bwaloni mchana na uwanjani jioni. Tena yuko kwenye kipindi cha majaribio: kazi ikiondoka, nyumba nayo inaondoka. Mtu wa namna hiyo hatakuja kukwambia amechoka. Utamwona tu ameanza kuchelewa, au amekuwa mkali ghafla kwa watoto. Usingoje aseme. Mpe siku yake moja ya kutoka nje ya geti, isiguswe na mtu, na ikiwezekana mpangie rafiki wa kumsikiliza ambaye si wewe, maana wewe ndiye utakayeandika tathmini yake.

Nawe jiandae na swali la wanafunzi. Wale wa madarasa ya juu hawaulizi mwalimu mpya amesoma wapi. Wanauliza, tena kwa adabu zote, "Mwalimu, utakaa hadi lini?" Shule binafsi walimu huja na kuondoka, mkataba ukiisha au penye maslahi zaidi pakitokea, na watoto wanaolala hapo ndio wanaobaki wakihesabu. Ninawaambia wageni wasijibu kwa ahadi. Waseme mwaka huu nitafundisha mada hizi na hizi, kisha wazifundishe kweli.

Sasa hili la watoto wanaolilia nyumbani, nisikilize vizuri, kwa sababu ndilo linalowavuruga wageni wenye moyo mwema. Tuna mwalimu wa lugha, dada mpole sana. Kila jioni baada ya usomaji, katoto kamoja ka darasa la chini kalikuwa kanamfuata: leo kichwa, kesho tumbo, keshokutwa kalamu imepotea. Muuguzi alikapima, hakuna ugonjwa. Upweke huo huja saa tupu, wakati wa kulala na Jumapili mchana, wakati mikono haina kazi. Yule dada akaanza kukakalisha nyumbani kwake hadi usiku, kakilala kwenye kiti. Nia njema kabisa. Nilimwambia kwa upole kwamba hivyo anakaondolea nafasi ya kupata marafiki bwenini, na anajiweka pabaya yeye mwenyewe. Mwalimu na mwanafunzi mmoja, nyumbani, mlango umefungwa, usiku: hata malaika hawezi kujitetea. Tukakapa kazi ya kugawa madaftari ya usomaji pamoja na wenzake wawili, na mlezi wa bweni akakahamishia kitanda karibu na mtoto mchangamfu. Bado kanalia Jumapili nyingine. Lakini sasa kanalia kakiwa na wenzake.

Na lile la siri. Mtoto atamwambia mgeni, "Mwalimu, nataka nikwambie jambo lakini niahidi hutamwambia mtu." Mgeni, kwa kufurahi kwamba ameaminiwa, anaahidi. Kumbe linalofuata ni kwamba kuna mtu anamwumiza yule mtoto. Wafundishe jibu kabla ya kufika siku hiyo: nitakusikiliza, sitalitangaza, lakini kama kuna mtu yuko hatarini nitamwambia anayeweza kusaidia, na nitakueleza ni nani. Waandike jina la huyo anayepaswa kuambiwa, wajue anapatikana wapi hata usiku. Usiwaachie wabuni.

Pia masanduku. Mwaka huu mmoja wa wageni alikuwa anakagua usafi, akafungua sanduku la msichana, akakuta barua, akaisoma mstari mmoja kwa sauti akidhani ni utani. Bweni zima lilicheka isipokuwa mwenye barua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ule wa 1989, kifungu cha 16, unataja wazi faragha ya mtoto na mawasiliano yake. Shule inaweza kuwa na sababu ya kukagua, basi iwe kwa utaratibu, mwenye sanduku akiwepo, na mwalimu wa pili pia. Barua si uchafu. Nilimtaka akamwombe radhi msichana palepale bwenini, mbele ya waliocheka, naye alifanya hivyo.

Viranja nao watakupa kazi. Mgeni akifika, wao ndio wanaojua funguo ziko wapi, nani mtundu, kengele ya pili hupigwa lini, basi anawategemea mpaka anawaachia bweni. Huo ni mtindo wa zamani sana. Thomas Arnold, aliyeanza kuiongoza shule ya bweni ya Rugby huko Uingereza mwaka 1828, aliwapa wavulana wa darasa la juu mamlaka makubwa ya kuwasimamia wadogo, na shule nyingi zikaiga. Zikaiga pia ubaya wake: mkubwa kumtumikisha na kumpiga mdogo huku mwalimu yuko chumbani kwake anasahihisha. Kiranja atoe taarifa, asitoe adhabu. Sentensi hiyo moja mwambie mgeni mbele ya viranja wenyewe, wote wasikie pamoja.

Ya darasani sina mengi. Ukiingia kuwatazama wakifundisha, angalia wanangoja kwa muda gani baada ya kuuliza swali. Mtafiti Mary Budd Rowe aliwarekodi walimu wa sayansi Marekani akakuta wengi hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kurukia mwingine au kujijibu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Kijana wetu wa fizikia nilimpa mazoezi hayo. Anahesabu kwa vidole vya mkono ulio nyuma ya mgongo, na wanafunzi wa safu za mbele wameshamgundua.

Lakini usidhani wao ndio wa kufundishwa tu. Kikao kilichopita mwalimu mpya wa biolojia aliinua mkono. Akasema wataalamu wa tiba ya usingizi Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, mbona hapa taa zinazimwa saa nne na nusu na kengele ya kuamka inalia saa kumi na nusu alfajiri. Ukimya ulioingia! Mzee wetu mmoja akasema sisi tulilala hivyohivyo na tukafaulu. Wengine wakacheka, ajenda ikasogezwa. Mimi sikucheka. Saa sita, na vipindi vya kwanza asubuhi nusu ya darasa wanasinzia, tunawaita wavivu. Wenyeji tumeshazoea kiasi kwamba hatuoni. Mgeni anaona katika wiki zake za mwanzo, kisha naye anazoea. Nimemwomba mkuu alirudishe suala hilo. Huko kwako weka nafasi kabisa, mwezi wa kwanza usipite, kila mgeni aandike mambo yanayomshangaza. Yasome peke yako, usiyapeleke moja kwa moja kikaoni na jina lake juu.

Habari za wazazi nitazikata. Wanalipa ada, wanataka kujua, ni haki yao. Ila namba ya simu ya mwalimu mpya isigawiwe siku ya kufungua shule, la sivyo ataulizwa matokeo ya mtihani ambao haujatungwa. Simu zipite kwa mwalimu wa darasa, kwa saa maalumu, basi.

Nimeandika mpaka mkono umekufa ganzi na kengele ya usomaji imeshalia. Kabla hujaibandika ratiba yako ya zamu ukutani, nitumie niipitie, hasa zile wikendi mbili za mwanzo. Nina wasiwasi utawapanga wageni wawili pamoja kwa sababu wanaelewana, nawe hiyo wikendi utakuwa hulali. Na uniambie kama yule mlezi wa bweni mliyemwajiri anakaa ndani ya shule au anakuja asubuhi na kuondoka jioni; kama anaondoka, ratiba yote itabidi tuipange upya.

Msalimie shemeji, wabusu watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu wa bweni la chini