Maji ya rejeta yakipungua, tafuteni yanakotokea

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari wa huku kusini, hasa wanaopandisha Newala na mzigo msimu wa korosho. Maji ya rejeta yakipungua, wengi huongeza dumu la kisimani na safari ikaendelea. Lakini mfumo huo umefungwa. Yakipungua kila wiki, yanavuja.

Anza na kitu cha bei ndogo: mfuniko wa rejeta. Umeandikwa 0.9 au 1.1, ndiyo presha unayoishikilia, na presha hiyo huzuia maji yasichemke kwa nyuzi 100. Mpira wake ukikakamaa, maji hukimbilia tangi la akiba na kumwagika, na fundi mwenye haraka atakwambia gasketi ya hedi (ile iliyobanwa kati ya bloku ya injini na hedi, sehemu yake ya juu) imekufa. Mfuniko ufunguliwe wakati injini imepoa kabisa, la sivyo utaungua uso.

Kisha funga pampu ya kupimia presha mahali pa mfuniko, jaza upepo hadi namba ya mfuniko, isizidi, usubiri dakika 10. Mshale ukishuka, chukua tochi: maungio ya mipira na klipu zake, pale plastiki ya rejeta inapobanwa kwenye alumini, na kitundu kilicho chini ya wota pampu. Kitundu hicho kikidondosha maji, sili imekwisha. Wapo wanaokiziba kwa gundi; maji huishia kwenye beringi. Nje kukiwa kukavu, pekua zulia la miguuni kwa abiria, huenda hita inavuja. Hedi ifikiriwe ukiona mafuta ya injini yamekuwa kama chai ya maziwa, au mapovu yasiyokoma kwenye rejeta.

Yai na bizari, ambavyo wengine hutia kwenye rejeta ili kuziba tundu, huziba na mirija pia. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi hula alumini. Changanya kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri (si asidi, tafadhali). Vitz au IST huchukua kama lita 5. Washa injini bila mfuniko, hita ikiwa mwisho wa joto, ukiongeza taratibu mpaka mipira yote miwili ipate moto. Themostati (vali inayofungulia maji njia yakipata moto) isiondolewe: kwenye baadhi ya injini, ikitoka, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta.

Kulanti chakavu kingeni kwa beseni, muitie kwenye dumu lenye kifuniko. Ni tamu na ni sumu, na uani kuna mbuzi na watoto.

Fundi magari,
Mikindani, Mtwara