Vyura wa Kihansi wanahitaji rasharasha, mto peke yake hautoshi

Mhariri,

Kila ukija mgawo wa umeme, vyura wa Kihansi, wanaoishi kwenye maporomoko ambayo maji yake huzalisha umeme, hurudi midomoni mwa watu, na swali huwa lilelile: wameachiwa maji mtoni, wanataka nini tena? Tunaomba nafasi tulijibu.

Chura huyu haishi mtoni. Huishi kwenye mimea mifupi na mawe yaliyo pembeni mwa maporomoko, palipoloweshwa usiku na mchana na rasharasha ya maji yanayojipigiza mwambani. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 tu, ndani ya korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Jike hafiki sentimita 3. Hatagi mayai, huzaa vitoto vilivyokamilika, vya milimita 5 hivi, visivyopitia hatua ya kiluwiluwi majini. Kitoto cha ukubwa huo hakistahimili ukavu. Maji yakipungua hayapigi tena mwamba kwa kishindo, na rasharasha hutoweka hata kama mto bado unatiririka.

Ndivyo ilivyokuwa mtambo wa umeme wa maji wa megawati 180 ulipoanza kazi na karibu asilimia 90 ya maji ikaelekezwa kwenye handaki la mtambo huo. Vinyunyizi vya kurudisha rasharasha vilipowekwa korongoni, vyura waliongezeka, wakakadiriwa kufika 20,000 hivi katikati ya 2003. Kisha, katika muda mfupi mno, wakaisha. Mambo matatu yalikuwa yamekutana: vinyunyizi viliharibika kwa muda wakati wa kiangazi, bwawa lilifunguliwa kutoa tope lenye mabaki ya viuatilifu, na kuvu la ngozi likaingia. Chura hupitisha maji na chumvi kupitia ngozi. Kuvu likiiharibu, chumvi ya mwilini hupungua hadi moyo husimama. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini. Kilichomwokoa ni kizazi cha vyura 499 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa 2000. Uzao wao ulirudishwa korongoni mwaka 2012.

Kuwarudisha bila kutunza pale wanapoishi ni kuwapeleka kufa. Maji ya vinyunyizi hushuka kwa mteremko, bila pampu, kwa hiyo umeme si kisingizio. Machujio na matundu yakaguliwe mara kwa mara, hasa kiangazi, maana mchanga na majani yakiziba tundu moja, kipande kizima cha mimea hukauka. Vipuri viwekwe hukohuko Kihansi, visisubiri zabuni. Tope la bwawa lipimwe kwanza, kisha litolewe masika mto ukiwa umefurika. Na kila anayeingia korongoni, awe mtafiti au mgeni rasmi, asugue buti kwa brashi hadi tope liishe ndipo azitie dawa ya klorini. Dawa ikimwagwa juu ya tope hupoteza nguvu, na kuvu hubaki hai kwenye soli.

Wapenda vyura wa Udzungwa,
Iringa