Waandishi wa filamu nao watajwe kwa majina

Kwako Mhariri,

Nimesoma kwenye ukurasa wenu wa burudani makala kuhusu filamu ya Born Free na nimeyafurahia. Sisi wakazi wa Nanyuki tunaihesabu filamu hiyo kuwa yetu, kwa sababu ilipigwa Naro Moru, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na Elsa mwenyewe, simba jike ambaye filamu inamsimulia, amezikwa Meru. Mwandishi wenu aliwataja Virginia McKenna na Bill Travers walioigiza Joy na George Adamson, mke na mume waliomlea Elsa. Alimtaja mwelekezi, James Hill. Alimsifu John Barry, ambaye muziki wake ulitwaa Oscar. Hata simba walipewa aya yao. Aliyeuandika mswada wa filamu hakutajwa popote.

Simlaumu sana, maana hata angeyasoma majina yanayopita kwenye skrini angepotoshwa. Pale pameandikwa Gerald L.C. Copley, na hakuna mtu wa jina hilo. Mwandishi halisi ni Lester Cole, mmoja wa waanzilishi wa chama cha waandishi wa filamu cha Hollywood mwaka 1933. Alikuwa pia mmoja wa wale watu kumi waliofungwa jela kwa kukataa kuiambia kamati ya Bunge la Marekani kama walikuwa wanachama wa chama cha Kikomunisti. Walihojiwa mwaka 1947. Filamu ya Elsa ilitoka 1966, na kufikia wakati huo bado hakuna aliyethubutu kuliweka jina la Cole hadharani, maana studio zilikuwa zimewafungia kazi waliokataa kuijibu kamati.

Aliyekuwa juu ya watayarishaji wa filamu hiyo ni Carl Foreman, na ndiye hasa aliyenifanya nichukue kalamu. Naomba nafasi nimweleze, kwa sababu maisha yake ya kazi yanaonyesha vizuri kuliko mfano mwingine ninaoujua hasara ya kumfuta mwandishi.

Foreman alizaliwa Chicago mwaka 1914, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Alifika Hollywood akiwa hana kitu, akaanza na filamu za bei nafuu ambazo hakuna anayezikumbuka leo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi katika kitengo cha filamu. Vita vilipokwisha aliungana na Stanley Kramer wakaanzisha kampuni ndogo, Kramer akitafuta fedha na Foreman akiandika. Matokeo yalikuja upesi. Mwaka 1949 walitoa Champion, hadithi ya bondia iliyompandisha chati Kirk Douglas. Mwaka uliofuata wakatoa The Men, kuhusu wanajeshi waliopooza vitani, na hiyo ndiyo filamu ya kwanza kabisa ya Marlon Brando. Foreman aliteuliwa kuwania Oscar ya uandishi kwa zote mbili.

Kisha ikaja High Noon. Wasomaji wako wengi wameiona, hata kama ni vipande tu. Mkuu wa polisi wa kijiji, Will Kane, ameoa asubuhi hiyo na anajiandaa kuondoka na mkewe. Habari zinafika kwamba muuaji aliyemtia jela ameachiliwa na anakuja na treni ya saa sita mchana. Kane anazunguka mlango kwa mlango akitafuta wa kumsaidia, na kila mtu ana sababu ya kukataa. Filamu nzima inaenda karibu sawasawa na saa iliyo ukutani, kwa hiyo mtazamaji anaziona dakika zikiisha pamoja na Kane.

Ninapofundisha vijana wa klabu ya drama huwa nawaonyesha sehemu mbili za filamu hiyo. Ya kwanza ni ya hakimu aliyemhukumu muuaji huyo. Anaingia ofisini, anaishusha bendera ya Marekani ukutani na kuikunja, anaifungasha mizani ya haki pamoja na vitabu vyake vya sheria, huku akimweleza Kane kwa utulivu kwa nini mtu mwenye akili anapaswa kukimbia. Hatoi hotuba ndefu kuhusu woga. Mikono yake inafungasha tu. Ya pili ni ya kanisani. Waumini wanajadiliana, wengine wanasema tumsaidie, watoto wanatolewa nje ili wakubwa waongee. Halafu anasimama rafiki wa Kane, anamsifu kwa maneno mazuri ajabu, na sifa zile zile zinageuka kuwa sababu ya kumwambia aondoke. Vijana wangu hubishana sana kuhusu sehemu hiyo, kwa sababu kila mmoja ameshawahi kumsikia mtu mzima akiongea hivyo.

Foreman hakuyatunga maneno hayo kutoka hewani. Juni 1951, akiwa bado anaandika, aliletewa hati ya kuitwa mbele ya kamati. Alikuwa amejiunga na chama cha Kikomunisti mwaka 1938 na kukiacha miaka michache baadaye. Kamati haikuhitaji kuambiwa hayo. Ilitaka majina ya wenzake. Alieleza baadaye kwamba mengi ya yale wanayoyasema wanakijiji katika filamu aliyasikia kwa masikio yake kutoka kwa marafiki na washirika waliokuja kumshauri wiki zile. Alisimama mbele ya kamati Septemba 24, huku filamu ikiwa katikati ya kupigwa. Alisema hakuwa mwanachama wakati huo. Kuhusu miaka ya nyuma alijikinga kwa Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yanayompa mtu haki ya kutojishtaki kwa kinywa chake, na hakumtaja mtu yeyote.

Wasomaji watafikiri mara moja juu ya Seneta McCarthy, aliyevuma Marekani kwa kuwasaka Wakomunisti. Hii ilikuwa kamati nyingine, ya Baraza la Wawakilishi, na ilianza kazi yake Hollywood kabla McCarthy hajajulikana.

Kilichofuata kilimwumiza zaidi ya kamati. Kramer na wenzake katika kampuni walimtenga, wakamlipa, naye akaondoka. Cheo chake cha mtayarishaji mshiriki kikaondolewa kwenye High Noon, ingawa alikuwa pale tangu siku ya kwanza. Jina lake kama mwandishi lilibaki. Gary Cooper, aliyemwigiza Kane, na ambaye kisiasa alikuwa upande wa wahafidhina, alimtetea na hata akakubali kuwekeza katika kampuni mpya ya Foreman, mpaka alipobanwa na wakubwa wa studio na magazeti, akalazimika kujitoa. Mwaka 1953 Cooper alishinda Oscar kwa filamu hiyo. Hakuwepo ukumbini, na aliyeipokea kwa niaba yake ni John Wayne. Wayne huyo huyo aliichukia High Noon, na mwaka 1971 alisema gazetini kwamba hatajuta kamwe kusaidia kumtimua Foreman nchini. Mshindi wa uandishi usiku ule alikuwa mwingine, na Foreman alikuwa ameshahamia London.

Huko alinyang'anywa pasipoti, ndoa yake ikavunjika, akaandika kwa kujificha. Kati ya kazi hizo ni The Bridge on the River Kwai. Yeye aliuanza mswada, na Michael Wilson, mwandishi mwingine wa orodha nyeusi, yaani ya wale ambao studio zilikataa kuwaajiri, akauendeleza. Filamu ilipotoka 1957 jina lililoandikwa ni la Pierre Boulle, Mfaransa mwenye riwaya, ambaye hakuwa akiandika kwa Kiingereza. Akapewa Oscar ya mswada. Kila mtu Hollywood alijua, na wote wakapiga makofi.

Mwaka 1956 Foreman alikuwa amehojiwa tena na kamati, kwa faragha, na safari hiyo hakulazimishwa kumtaja mtu. Baadhi ya waliokuwa bado wamefungiwa walinung'unika, wakitaka kujua kwa nini yeye ndiye afunguliwe mlango. Naielewa hasira yao, ila sioni alichokosa: aliingia bila kutaja majina na akatoka bila kutaja majina. Baada ya hapo aliandika na kutayarisha filamu kwa jina lake mwenyewe. The Guns of Navarone ya 1961 ilikuwa miongoni mwa tano zilizowania Oscar ya filamu bora. Young Winston, ya 1972, ilimpa uteuzi mwingine wa uandishi. Uingereza ilimpa nishani, na waandishi wa huko wakamfanya rais wa chama chao.

Linalonisikitisha ni kwamba mtu huyu, aliyeujua uchungu wa kuandika na kufutwa, ndiye aliyekuwa juu ya filamu ya Elsa ilipotoka na jina bandia la Cole. Hofu ilikuwa imeota mizizi kiasi hicho. Na chama cha waandishi chenyewe, ambacho Cole alisaidia kukianzisha, kilikuwa kimekubali mapema miaka ya 1950 kwamba studio zinaweza kuliondoa jina la mwandishi aliyekataa kuijibu kamati. Mwanachama alipe ada, kisha chama chake kitie saini afutwe!

Foreman alifariki Juni 1984. Wilson alikuwa ametangulia mwaka 1978. Mwaka 1985 wajane wao ndio waliokabidhiwa Oscar za Kwai, na nakala zilizokarabatiwa za filamu hiyo sasa zina majina yao. Miaka 28 baadaye, mkononi mwa wajane.

Naandika haya, Mhariri, kwa sababu kufutwa kwa mwandishi hapa kwetu hakuhitaji kamati wala siasa. Kijana mmoja niliyemfundisha alimtumia mtayarishaji wa Nairobi mswada wake kwa WhatsApp. Akaambiwa ni mzuri, utafanyiwa kazi, subiri. Alikuja kuiona filamu yenyewe kwenye YouTube, mazungumzo yake yakiwa yale yale neno kwa neno, hata jina la nyanya yake likiwa limeachwa kwa mhusika. Mahali pa mwandishi, mtayarishaji alikuwa amejiandika yeye. Alipompigia simu aliahidiwa kufikiriwa katika filamu ijayo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na haki hiyo haiondoki hata akiuza mswada. Wengi wanaoandika hawaijui, na wengi wanaonunua wanaijua vizuri lakini wananyamaza. Ningependa gazeti lenu liwaulize watayarishaji swali moja kila mnapowahoji kuhusu filamu mpya: nani ameandika? Likiulizwa kila wiki watazoea kulijibu. Na chini ya kila uchambuzi, pale mnapoweka jina la mwelekezi na waigizaji wakuu, ongezeni mstari wa mwandishi. Ni mstari mmoja tu, hauwagharimu chochote.

Kwa vijana wanaoandika, nawaomba wasajili mswada katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya kuutuma kwa yeyote, na mkataba uwe kwa maandishi, ukitaja malipo na jinsi jina litakavyoonekana kwenye filamu na kwenye bango. Mtayarishaji akikataa kuliandika hilo, mswada urudi nyumbani.

Mwalimu mstaafu,
Nanyuki