Risala ya Klabu ya Maji na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Maji Shuleni, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanaklabu wote tunakukaribisha sana. Foleni ya Barabara ya Morogoro tunaijua, kwa hiyo ahsante kwa kufika, tena kwa wakati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu ilichagua kujifunza mito inayopita katika nchi zaidi ya moja na ugomvi wa kugawana maji yake. Wenzetu walitutania: mtu wa Dar anakunywa maji ya Ruvu yanayotoka milima ya Uluguru, Nile inamhusu nini? Tuliwajibu kwamba mwishoni mwa mwaka 2022 Ruvu ilipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, macho yote yalielekezwa juu ya mto, kwa wakulima wa umwagiliaji na wafugaji. Hao ni Watanzania wenzetu, chini ya serikali moja na sheria moja, na bado maneno yalikuwa mengi. Ukiweka mpaka wa nchi katikati ya mto, mambo yanakuwa magumu mara kumi.

Tulianza na mkataba wa mwaka 1929. Uingereza, ikizisemea nchi ilizokuwa inazitawala, Tanganyika ikiwemo, iliiahidi Misri kwamba hakuna kitakachojengwa kwenye Nile, matawi yake wala maziwa yake ambacho kingeweza kupunguza maji yanayofika Misri, bila ridhaa ya Misri yenyewe. Babu zetu wa Mwanza na Bukoba hawakuulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana mto wote wao kwa wao: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Ethiopia, ambako hutoka zaidi ya asilimia 80 ya maji hayo, haikupewa hata kiti.

Tarehe 4 Julai 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata mwaka wa uhuru, Serikali ya Mwalimu Nyerere iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kuwa mkataba wa 1929 hauifungi. Wengi huishia hapo na kupiga makofi. Sisi tulivutiwa zaidi na sehemu ya pili ya barua hiyo, ambayo haisimuliwi sana: Tanganyika ilitambua umuhimu wa maji ya Nile kwa nchi zote za bonde na ikasema iko tayari kuzungumza. Ilikataa mkataba, haikumkataa jirani. Misri ilijibu kwamba kwa upande wake mkataba bado una nguvu, na mazungumzo yakachukua miaka mingi. Februari 1999, hapa hapa Dar es Salaam, mawaziri wa maji wa nchi za bonde walizindua mpango wa pamoja wa Bonde la Nile (Nile Basin Initiative), unaojulikana kwa kifupi kama NBI, ambao makao yake yako Entebbe.

Katikati ya mazungumzo hayo Tanzania haikukaa kusubiri. Mwaka 2004 ilianza kujenga bomba la kutoa maji Ziwa Victoria pale Ihelele, wilaya ya Misungwi, kuyapeleka Shinyanga na Kahama. Misri ililalamika. Bomba likajengwa, likazinduliwa 2009, na baadaye maji yakaendelea hadi Nzega, Igunga na Tabora. Mama aliyekuwa akichimba mchanga wa korongo ili apate ndoo moja ya maji asingeelewa ukimwambia asubiri ruhusa ya Cairo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muhula uliopita tuliandaa baraza la majadiliano, kila kundi likiwakilisha nchi moja ya bonde. Waliopangiwa Misri walinuna, wakidhani wamepewa upande wa kushindwa. Kumbe wao ndio waliotubana zaidi. Walisema: nyinyi mna masika na vuli, mna maziwa, mna mito mingine, sisi tuko zaidi ya watu milioni 100 katika jangwa, na mto ni huu mmoja. Waliokaa kiti cha Ethiopia wakajibu kwa Bwawa lao la Renaissance kwenye Nile, lililozinduliwa Septemba 2025, kwamba maji yakishazungusha mitambo ya umeme yanaendelea na safari yake. Misri wakauliza: na mwaka wa ukame, nani atashika ufunguo wa bwawa? Hapo ukumbi ulinyamaza, na kwa kweli hata wakubwa hawajapata jibu ambalo pande zote zinaliridhia.

Jambo lililotugusa zaidi lilitoka kwa mwenzetu mmoja mwenyeji wa Musoma. Alituonyesha kwenye ramani kuwa mto Mara unaanzia Mau, Kenya, unapita Serengeti, unaingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanayotoka Jinja kuwa Nile. Kwa hiyo katika bonde hili hili sisi ni watu wa juu kwa Misri na watu wa chini kwa Kenya. Msitu wa Mau unapokatwa, au unapotajwa mpango wa kuhamisha maji ya Amala, mto unaolisha Mara, tunakuwa wa kwanza kupaza sauti. Ni kama nyumba zetu za uswahilini: aliyefunga pampu kwenye bomba la mtaa humsikii akizungumzia haki mpaka jirani wa juu yake naye anunue pampu.

Maoni ya klabu, na hapa tunasema kama wanafunzi, ni kwamba Tanzania haiwezi kuiambia Cairo neno moja na Nairobi neno jingine. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Tanzania ilitia saini Entebbe mwaka 2010, ikauridhia 2015, na ambao umeanza kutumika Oktoba 2024, unataka matumizi ya haki na kutomwumiza jirani. Misri na Sudan hazimo. Tusilichukue hilo kama ushindi, kwa sababu mkataba wa mto usiokuwa na mtu wa mwisho wa mto una pengo.

Mfano wa kutia moyo tuliousoma ni wa Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda. Megawati 80 za umeme wa maji ya mto Kagera zinagawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, ingawa maporomoko hayo hayako ndani ya Burundi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Tunaomba utusaidie tupate Mkataba huo wa Bonde la Nile kwa Kiswahili, kwani nakala tuliyosoma ni ya Kiingereza cha wanasheria, na hata mwalimu wetu wa Uraia alikuna kichwa. Tunaomba pia safari ya mafunzo kwenda Ihelele au Rusumo. Wazazi wamekubali kuchangia chakula, kikwazo ni usafiri. La mwisho ni tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye paa la bweni la wasichana, kabla masika hayajaisha.

Naomba kuwasilisha.