Kutafuta wanajua, kuuliza nani kasema hawajui

NDUGU Mhariri,

Barua zilizotoka katika safu hii kuhusu wanafunzi na intaneti zimegawanyika: wapo wanaosema imewadumaza vijana akili, wapo wanaosema imewafungulia dunia. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari na meza yangu inatazamana na kompyuta wanazotumia. Ninachokiona kutwa sijakisoma kwa upande wowote.

Kutafuta wanajua. Mpe mwanafunzi swali, jibu atakuletea hujakaa sawa. Sasa muulize kalitoa wapi. “Google, mwalimu.” Ni kama kumuuliza mtu habari kaisikia kwa nani, naye akujibu, “Sokoni.” Ukimbana anarudi kuchungulia skrini, maana jina la tovuti hakulitazama. Siku hizi wengi hata tovuti hawafungui. Wanabeba muhtasari uliotungwa na akili mnemba, ule unaotokea juu kabisa ya matokeo ya Google, basi, kazi imekwisha.

Wakija wapya huwasimulia kisa cha muhanga wa Brazili. Muhanga, kama tujuavyo, ni mnyama wa Afrika tu. Mwaka 2008 kijana mmoja wa Marekani, kwa mzaha, aliingia Wikipedia kwenye makala ya koati, mnyama wa Amerika ya Kusini, akaandika kwamba huitwa pia muhanga wa Brazili. Mzaha ulikaa humo miaka kama sita. Magazeti yakauokota, vitabu navyo vikafuata, kisha habari ya gazeti ikawekwa Wikipedia kuwa ushahidi wa jina hilo! Wanafunzi hucheka sana. Nikiwauliza wangeugunduaje, kicheko hukatika, kwa sababu wao wangefungua kurasa tano, wakute zote zinasema hivyo, waridhike. Kwamba zote tano zimenywa kisima kimoja haliwajii.

Na tusiwalaumu peke yao, maana tunawafundisha mambo ya ajabu. Bado kuna wanaowaambia watoto kuwa tovuti inayoishia na .org ni ya kuaminika, ilhali anwani hiyo husajiliwa na yeyote mwenye kuilipia. Tunawaambia pia wasome ukurasa kwa makini mpaka mwisho. Kwa kitabu cha kiada, sawa. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Waliwapa, pamoja na mengine, tovuti mbili: ya chama kikubwa cha madaktari wa watoto Marekani, na ya kikundi kidogo kilichojitenga nacho. Wahakiki hawakupoteza muda kwenye ukurasa. Waliuacha mara moja, wakafungua nyingine kuona wengine wanasemaje juu ya wenye tovuti ile, na hawakudanganyika. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki palepale wakisoma kwa utulivu, nembo nzuri na lugha ya kitaalamu vikawapumbaza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wenzangu, wala si la kufungia intaneti. Swali la “taja sababu tano” ni mwaliko wa kunakili, tusijifanye kushangaa. Mpe mwanafunzi kurasa mbili zinazopingana, mwambie aeleze ipi anaiamini, nani kaiandika, na alijuaje. Najua muhtasari wa masomo ni mrefu na mitihani haisubiri. Lakini zoezi moja la namna hii kwa muhula halitamwangusha mtu.

Mwalimu wa jiografia shuleni kwetu ameanza kutoa robo ya alama kwa maelezo ya jibu lilikotoka. Wanafunzi wanalalamika kwamba kazi zake siku hizi zinachukua muda mrefu mno. Kama kuna mwalimu mwingine anayejaribu jambo hili, ningependa kusoma humu limemwendeaje.

Mkutubi, shule ya sekondari