Upande A kwaya, upande B dansi: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Naandika hadharani kwa kuwa simu hupokei, na salamu ninazomtuma mama zinafika zimekatwa vichwa.

Nianze na la haraka. Ule mfuko wa kaseti za baba ulionusurika moto wako, kwa kuwa shangazi alikuwa ameukalia, uko stoo kwako chini ya bati. Utoe leo. Joto la bati hupinda ganda la kaseti, na unyevu wa masika huotesha ukungu mweupe kwenye utepe. Ziweke ndani ya nyumba, kila moja kwenye kikasha chake, zisimame wima. Usizipange juu ya spika: spika ina sumaku, na sauti ya kaseti imeandikwa kwa sumaku.

Nyingine ulizichoma. Siku ya kuanua tanga la baba, wageni bado wana sahani mikononi, ulitoa katoni uani, ukamwaga mafuta ya taa, ukasoma Matendo 19:19, pale watu wa Efeso wanapochoma vitabu vyao, ukawasha. Mama alikuwa dirishani. Hukumwuliza. Plastiki ilitoa moshi mweusi mpaka kwa majirani, na wewe ukasema ndiyo mapepo yanayotoka. Nimekusamehe mengi tangu utotoni, na unajua. Hilo la dirishani bado linanikaa kooni.

Ulizisoma lebo, ukaona Morogoro Jazz, ukaona Super Volcano, bendi za dansi, ikakutosha. Lakini baba hakuwa na pesa ya kaseti mpya kila wiki. Alirekodi mazoezi ya kwaya upande A, na upande B akanasa dansi kutoka redioni. Kaseti ya dakika 60 ina karibu mita 90 za utepe wenye upana usiofika milimita 4, na pande zote mbili zimelala juu ya utepe huohuo, kila moja kwenye nusu yake. Haiwezekani kuchoma B ukabakiza A. Ulipomchoma Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji wa bendi hizo, uliichoma pia besi ya marehemu mjomba katika nyimbo za Pasaka ambazo kwaya yenyewe haina nakala zake.

Turudi kwenye andiko lako. Wale wa Efeso walileta vitabu vyao wenyewe, na vilikuwa vya uganga. Hakuna aliyeingia chumbani kwa marehemu akabeba vya mwenzake. Geuza ukurasa nyuma kidogo, sura ya 17, mstari wa 28: Paulo yuko Athene, anawahubiria watu kwa maneno ya mshairi wao, kwamba sisi sote tu wazao wake. Mshairi huyo ni Aratus, na shairi lenyewe linaanza kwa kumsifu Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Na lile onyo unalopenda kuwapa vijana, kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia njema, 1 Wakorintho 15:33, limetoka kwa Menander, mtunzi wa michezo ya kuchekesha. Paulo aliwasoma hawa watu mpaka akawajua kwa kichwa. Ungekuwepo Tarso, kwao Paulo, ungemchomea maktaba.

Na ile sauti ya Ijumaa Kuu, ya wimbo kuhusu kichwa cha Bwana chenye miiba, ambayo uliiimba kando ya kitanda cha baba mpaka akafumba macho (na uliiimba vizuri, hilo sitalikana kamwe), ilianza kama wimbo wa mapenzi. Hans Leo Hassler aliichapisha Ujerumani mwaka 1601, kijana analia kwamba msichana amemvuruga moyo. Baadaye Paul Gerhardt akaandika maneno ya mateso yanayoimbwa kwa sauti hiyo, na mtunzi Bach akairudia mara kadhaa katika kazi yake Mateso kwa Mujibu wa Mathayo. Kanisa lilisikia kitu kizuri, likakipa kazi nyingine.

Unawaambia watu kwamba dada yako ana masikio malegevu, eti anasikiliza dansi Jumamosi na kuimba alto Jumapili. Kusikiliza na kuimba ni kweli. Basi nikueleze ninavyochagua, maana sichagui ovyo. Chukua karatasi, andika maneno ya wimbo yote bila ala. Gita tamu hufunika mengi, na karatasi haina gita. Kisha uliza wimbo unamsifu nani na unamdharau nani. Ukimcheka mke aliyeachwa, au ukimfundisha mume kudanganya, naufuta hata kama solo lake linaliza. Ukimlilia mtu aliyefiwa, au ukimkumbusha kijana mjini kwamba nyumbani wanamsubiri, naubakiza. Kipimo hichohicho nakiweka kwenye Injili yenu ya siku hizi. Wimbo wa dakika saba unaoomba adui zangu waaibike, majirani waone gari langu, wafitini wakauke, siuimbi hata ukitaja Yesu kila mstari. Mathayo 5:44 iko wazi: wapendeni adui zenu. Niambie mimi na wewe nani ana masikio malegevu.

Hata mashujaa wa baba uliwageuza hoja. Picha ya Janani Luwum uliishusha ukutani, ukasema ni sanamu. Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji, na Februari 16, 1977 akauawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Baba hakuiombea ile picha, aliitazama kabla ya kwenda kazini. Na alitufundisha kusoma maisha ya shujaa mpaka mwisho, pamoja na kurasa zinazouma. John Newton, mwenye ule wimbo wa neema, Amazing Grace, aliokoka baharini mwaka 1748, na bado akaja kuwa nahodha wa meli za watumwa mpaka 1754. Kijitabu chake cha kuilaani biashara hiyo kilitoka 1788. Miaka 40! Ukimfundisha mtoto nusu ya kwanza tu, siku atakayoisoma ya pili atakuona mwongo. Wahubiri unaowafuata wewe wanasimulia ushindi mtupu, na hapo ndipo ninapokuhofia, kwa sababu nakupenda.

Filamu niipite haraka: ile ya Yesu ya 1979, iliyofuata Injili ya Luka, ambayo sote tuliikalia chini, nayo imechezwa na mwigizaji wa kulipwa. Hukuichoma.

Sasa kazi. Usizicheze kaseti hizo kabla ya haya. Kagua utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe, itenge, isiguse mashine, maana ukungu huhamia kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, na kuambukiza kaseti nyingine. Angalia kisponji kidogo nyuma ya utepe. Gundi yake huzeeka kikaanguka, na bila hicho utepe haugusi hedi sawasawa, sauti inakuja na kupotea. Kikiwa kimeanguka, hamishia utepe kwenye ganda jipya la skrubu. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Zungusha kwa kalamu ya Bic mpaka utepe ukaze, kisha upeleke mbele hadi mwisho na kuurudisha mara moja bila kucheza.

Safisha hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na pamba ya kijiti. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukaushe. Alkoholi hukausha mpira, na mpira mkavu ndio unaokula utepe. Sauti ikiwa nzito kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, kando ya hedi kuna skrubu yenye springi: izungushe kidogo sana huku ukisikiliza herufi s mpaka ikate. Bisibisi isiwe na sumaku.

Chomeka waya kutoka tundu la laini la mashine (line out) kwenda tundu la laini la kompyuta (line in). La maikrofoni halifai, sauti itapasuka. Tumia programu ya kurekodi ya Audacity, sampuli 44,100 kwa sekunde, kilele cha sauti kisipite desibeli −6. Hifadhi kama WAV, si MP3: dakika moja ni kama MB 10, kaseti ya saa nzima ni MB 600 hivi. Rekodi pande zote mbili. Zote mbili, mdogo wangu. Nakala moja kwako, moja kwangu, moja kwenye flashi kwa mama.

Majina ya waimbaji mwulize shangazi, bado anazitambua sauti zote nne. Nenda asubuhi, jioni sukari humshuka akachanganya watu.